Muuguzi Akibisha Hodi Kuomba Kura

Najua wengi wenu mnasoma haya mkiwa mmetoka zamu ya usiku, viatu vimevuliwa mlangoni, chai iko mezani. Poleni na kazi. Nenda Minneapolis, nenda Dallas, nenda Columbus au Portland ya Maine, waulize wanaozungumza Kiswahili wanaamkia wapi. Hutakwenda mbali kabla ya kusikia jibu lile lile: hospitali, nyumba ya wazee, au nyumbani kwa mgonjwa asiyeweza kujihudumia. Wengine ni manesi wenye leseni. Wengine ni wasaidizi wa wauguzi walioanza na kozi ya wiki chache. Kazi ni kunyanyua watu, kuogesha watu, kulisha watu, na kuwasikiliza pale watoto wao wanapokuwa mbali.

Nina ombi kwenu. Kila uchaguzi ukikaribia, katika majimbo ya Marekani hujitokeza watu kugombea viti vya bunge la jimbo, na miongoni mwao hawakosi wauguzi, madaktari na wahudumu wa ambulensi. Huenda mmoja wao mwaka huu au mwaka ujao akawa yule dada mnayepokezana naye zamu saa moja asubuhi. Akisimama, tusimwache asimame peke yake.

Najua swali litakalofuata. Bunge la jimbo linanihusu nini mimi?

Ni swali la haki. Televisheni hutuonyesha Washington asubuhi, mchana na jioni, hata mtoto wa darasa la pili anamjua rais. Ukimuuliza baba yake jina la mbunge wake wa jimbo, anacheka na kubadilisha mazungumzo. Wala simlaumu. Nani ana nafasi ya kufuatilia vikao vya bunge la jimbo kule Saint Paul au Austin akiwa na kazi mbili na watoto watatu?

Lakini hebu tuutazame mshahara wako wewe unayelea wazee. Katika nyumba za wazee za nchi hii, wakazi kama 6 kati ya kila 10 hulipiwa na Medicaid, ile bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo. Serikali ya shirikisho hutoa walau nusu ya fedha hizo na jimbo hutoa zinazobaki. Anayeendesha mpango wenyewe, hata hivyo, ni jimbo, na jimbo ndilo linalopanga nyumba ya wazee ilipwe kiasi gani kwa siku kwa kila mkazi. Kiasi kikiwa kidogo, mwajiri atabana wapi? Atabana kwenye saa zako na kwenye idadi ya wenzako.

Kwa hiyo ile jioni uliyojikuta peke yako kwenye korido, taa za kuitia zimewaka vyumba vitatu kwa mpigo, bibi wa chumba cha mwisho anataka kwenda chooni, na mzee mwenye kiharusi ameshapitisha ile saa yake ya pili bila kugeuzwa ubavu, uhaba ule haukuanzia hapo. Ulianzia kwenye kikao cha bajeti, katika jengo ambalo pengine hujawahi kulikanyaga, na miongoni mwa waliokaa mezani huenda hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani.

Si kwamba ni watu wabaya. Wengi wao ni mawakili, wafanyabiashara, wakulima, watu wenye nia njema. Ila kuna mambo ambayo kwenye ripoti hayaonekani. Ripoti itakuambia wodi ilikuwa na wafanyakazi wa kutosha. Muuguzi atakuuliza: wangapi kati ya hao walikuwa wameazimwa kutoka wodi nyingine na hawajui hata dawa zinawekwa kabati gani?

California wanalijua hili. Mwaka 1999, baada ya wauguzi kulisukuma jambo hilo kwa miaka mingi, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuweka ukomo wa wagonjwa kwa kila muuguzi, na ikaanza kutumika 2004. Leo muuguzi wa wodi ya kawaida huko hapangiwi wagonjwa zaidi ya 5, na wa wodi ya mahututi hapangiwi zaidi ya 2. Majimbo mengi hayana sheria ya namna hiyo mpaka leo. Kazi ni ile ile, leseni inafanana, mgongo unauma vile vile. Kilichotofautiana ni kura zilizopigwa katika ukumbi wa jimbo.

Sasa ngoja niwasimulie ya Virginia, maana nayapenda sana, na wapo wasioyaamini.

Novemba 2017, katika mji wa Newport News, watu wawili waligombea kiti cha wilaya ya 94 ya baraza la wawakilishi la jimbo: David Yancey na Shelly Simonds. Kura zilihesabiwa, zikahesabiwa tena, zikabishaniwa mahakamani. Mwisho wa yote kila mmoja alikuwa na kura 11,608. Sawasawa, bila hata moja kuzidi. Sheria ya Virginia inasema wakitoshana nguvu hivyo, ipigwe kura ya bahati. Basi tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina mawili yaliwekwa kila moja ndani ya kikopo kidogo cha kuwekea filamu ya kamera, vikopo vikatiwa ndani ya bakuli la udongo, mkono ukaingia, ukatoka na jina la Yancey. Kwa jina hilo chama chake kikabaki na viti 51 dhidi ya 49.

Jiulize: wangapi Newport News siku ile ya Novemba walisema wamechoka, watapiga mwaka ujao? Nesi mmoja tu aliyetoka zamu akapitia kituoni kabla ya kwenda kulala angetosha, upande wowote aliouchagua, na bakuli lisingehitajika.

Na haikuishia hapo. Kwa miaka kadhaa baraza lile lilikuwa limekataa kupanua Medicaid ili iwafikie wafanyakazi wa kipato cha chini. Uchaguzi ule ukaleta sura nyingi mpya, na Mei 2018 upanuzi ukapita. Aliyetia saini Juni mwaka huo ni gavana Ralph Northam, daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, ambaye safari yake ya siasa ilianzia kwenye kiti cha seneti ya jimbo alichokishinda 2007. Kuanzia Januari 2019 mlango ukafunguliwa kwa watu kama 400,000. Wapo humo madereva, wapishi, wafagiaji, na wasaidizi wa wauguzi ambao walikuwa wanahudumia watu kutwa na wao wenyewe hawana bima.

Huyo ni daktari. Lakini mimi moyo wangu uko kwa muuguzi, na kuna mmoja ambaye ningependa kila binti anayesomea uuguzi amjue.

Eddie Bernice Johnson alizaliwa Waco, Texas, enzi za ubaguzi. Alitaka kuwa nesi, na mtu mweusi hakuwa na nafasi katika vyuo alivyovitamani Texas, akaenda kusomea Indiana katika chuo cha masista. Alipopata kazi katika hospitali ya maveterani ya Dallas, waliomwajiri hawakujua rangi yake mpaka alipofika. Chumba alichoahidiwa katika bweni la wauguzi kikafutwa. Wakubwa wakawa wanamtangulia vyumbani kuwaeleza wagonjwa kwamba anafaa. Alivumilia, akafanya kazi pale miaka 16, akapanda mpaka kuwa muuguzi mkuu wa wagonjwa wa akili.

Mwaka 1972 akagombea kiti cha baraza la wawakilishi la Texas. Akashinda, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Dallas kuchaguliwa katika wadhifa wa umma. Mwaka 1975 wakampa kuongoza kamati ya kazi, na hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza kamati kubwa ya baraza lile kabla yake. Baadaye akaingia seneti ya jimbo, kisha kuanzia Januari 1993 akakaa miaka 30 katika Bunge la Marekani, muuguzi wa kwanza mwenye leseni kuchaguliwa humo. Alifariki mwisho wa 2023.

Kitu kimoja katika habari yake huwa kinapitwa haraka. Ili agombee, ilimbidi aache hospitali. Mfanyakazi wa serikali ya shirikisho haruhusiwi kugombea kwa tiketi ya chama, na hilo halijabadilika, kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi hospitali za maveterani liangalieni mapema. Aliacha mshahara wa uhakika akaufuata mshahara wa mbunge wa Texas. Leo mshahara huo ni dola 600 kwa mwezi. Hamjasoma vibaya. Kule New Hampshire mbunge hulipwa dola 100 kwa mwaka, na baraza lao lina watu 400.

Mnaona tatizo liko wapi? Mtu mwenye mali atagombea bila wasiwasi. Muuguzi atagombea akiwa bado analipa kodi ya nyumba, atafanya kampeni mchana na zamu usiku, na akishinda ataendelea na kazi yake kwa sababu ubunge haumlishi. Ndiyo maana nimeanza na ninyi wenzake wa kazini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Unaweza kumshikia zamu? Jumamosi ndiyo siku ya kubisha hodi milango ya watu, na Jumamosi ndiyo siku anayokosa ruhusa. Ukibadilishana naye Jumamosi mbili kwa mwezi, umempa kitu ambacho hata mtu wa kutoa hundi hawezi kumpa. Unaweza kumchukulia watoto jioni ya mdahalo? Unaweza kupika pilau la vijana wanaozunguka na vipeperushi? Usidharau pilau. Kijana aliyeshiba hubisha hodi milango kumi zaidi.

Ila tafadhali, ndani ya wodi, kampeni ikae nje. Mgonjwa aliye kitandani hana pa kukimbilia, na ukimwambia ampigie kura fulani huku umeshika sindano, hilo si ombi tena.

Hapo kwa wagonjwa na wazee ningependa nikae kidogo. Wale wazee tunaowalea nao ni wapiga kura. Wengine hawajakosa uchaguzi tangu enzi za Kennedy, na sasa wanaukosa kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuwaombea karatasi ya kupigia kura kwa posta. Muulize msimamizi wako wiki nyingi kabla: nani hapa anashughulikia karatasi za wakazi? Kama hakuna, mwombe amteue mtu. Kila jimbo lina taratibu zake kuhusu nani anaruhusiwa kumsaidia mkazi kujaza, basi uliza kabla ya kushika kalamu. Ukiruhusiwa, soma majina yote kwa sauti ile ile, la rafiki yako na la mpinzani wake, uweke alama pale atakapokuonyesha yeye. Bibi akimchagua mtu usiyempenda, ni haki yake. Mfungie bahasha vizuri.

Na nyumbani je? Tuanze na mama na baba zetu waliochukua uraia wakiwa wazee, wanaojua Kiswahili na Kinyamulenge, Kisomali au Kigujarati lakini Kiingereza kinawapiga chenga. Wengi hawaendi kituoni kwa aibu. Waambieni hivi: sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inamruhusu mtu asiyeona, mwenye ulemavu, au asiyeweza kusoma na kuandika, aingie na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ili mradi huyo si mwajiri wake, wala wakala wa mwajiri, wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Mjukuu anaweza kumsindikiza bibi. Jirani pia anaweza.

Kuna wengine kati yetu hawajawa raia, na kwao naomba nizungumze kwa uzito wa mzazi. Usijiandikishe, wala usipige kura katika uchaguzi wa bunge la jimbo. Kadi ya kijani haikupi kura hiyo. Ukiulizwa unapochukua leseni ya udereva kama unataka kuandikishwa, jibu hapana, na usisaini fomu usiyoielewa hata kama aliyekuletea ana tabasamu zuri. Kosa hilo, hata la kutojua, linaweza kukuharibia njia ya uraia na hata kukuondoa nchini.

Je, hiyo ina maana ukae kando? Hasha. Unaweza kujitolea bila malipo kumsaidia mgombea, ukabisha hodi naye, ukatafsiri, ukaendesha gari. Unaweza pia kwenda kutoa maoni mbele ya kamati ya bunge la jimbo pale mswada unaogusa kazi yako unapojadiliwa. Kwa kawaida unapewa dakika 2 au 3, unasema jina lako na unakofanya kazi, unaeleza yaliyotokea. Mtu anayeeleza jinsi alivyobaki na wakazi wengi usiku mmoja kuliko mikono yake hahitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Na huku ukifanya hayo, hesabu miaka yako: kwa kawaida ni miaka 5 tangu ukaazi wa kudumu ndipo uombe uraia, 3 kama umeolewa au umeoa raia na mnaishi pamoja, na kwa mkimbizi ukaazi huo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini.

Tusisahau kwamba viti hivi viko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mbunge mmoja wa Maine katika baraza la wawakilishi anawakilisha watu kama 9,000. Wa Minnesota ni kama 43,000. Hao ni watu unaokutana nao dukani na kwenye mpira wa watoto. Mwaka 2024 wapiga kura wa Brooklyn Park na viunga vyake walimpeleka Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, katika baraza la Minnesota. Kwa hiyo mtu asiwaambie jina letu halitamkiki kwenye karatasi ya kura.

Sasa, je, tumpigie kura mtu kwa sababu tu amevaa sare ya hospitali? Hapana, na muuguzi mwenye busara hatataka hivyo. Kura za maoni za Gallup zimewaweka wauguzi juu ya kazi zote kwa uaminifu karibu kila mwaka tangu 1999, isipokuwa 2001 walipopitwa na wazima moto. Heshima hiyo ni kubwa, lakini ni ya kitandani kwa mgonjwa. Kutunga sheria ni kazi nyingine. Huko kuna kukubaliana na watu usiowapenda, kusoma bajeti ya kurasa mamia, na kukataa ombi la rafiki.

Basi akibisha hodi kwako, mkaribishe, mpe maji, kisha muulize. Utapigia nini kura kuhusu malipo ya Medicaid kwa nyumba za wazee? Ukomo wa wagonjwa kwa muuguzi unauunga mkono, na hospitali ndogo za vijijini zitampata wapi muuguzi wa ziada? Shule je? Barabara je? Maana hatakwenda kule kwa ajili ya manesi peke yao. Atakwenda kwa ajili ya fundi bomba na mkulima wa soya pia. Akijibu "hilo sijalijua bado, nitakurudia," mimi humpa alama ya juu kuliko aliyejibu yote bila kupumua. Kisha msubiri mpinzani wake naye abishe hodi, umuulize yale yale.

Na usisubiri Novemba. Katika wilaya nyingi chama kimoja kina nguvu kiasi kwamba mshindi hupatikana kwenye kura za mchujo, miezi kabla, wakati wengi hatuna habari. Texas mchujo huwa Machi. Andika tarehe ya jimbo lako kwenye kalenda ile ile ya jikoni unayoandikia zamu zako.

Nimesema sana juu ya kumsaidia mwingine. Lakini kuna msomaji mmoja, labda wawili, ambao tangu aya ya pili wamekuwa wakijiuliza swali jingine wasilotaka kulisema kwa sauti. Dada, kaka, nakujibu. Kugombea baraza la wawakilishi la Minnesota unatakiwa uwe mpiga kura halali mwenye miaka 21, umeishi katika jimbo mwaka mmoja na katika wilaya yako miezi 6. Ada ya fomu ni dola 100. Texas ni miaka 21 pia, ila wanataka uwe umeishi jimboni miaka 2 na wilayani mwaka mmoja, na ada ni dola 750, au sahihi za wapiga kura ukiwa huna fedha hizo. Fomu za Texas hurudishwa kati ya Novemba na Desemba kabla ya mwaka wa uchaguzi, na za Minnesota kati ya Mei na mwanzoni mwa Juni. Kwingine, piga simu ofisi ya katibu wa jimbo, watakueleza bila kukucheka. Ukishapiga tuambie, tuanze kugawana Jumamosi zako.